Koti Jeusi Siku ya Mavuno

Dorika alikuwa na mazoea ya kunusa nguo kabla ya kuzitia majini. Mazoea hayo yalianza zamani, mwanawe wa kwanza, Joshua, alipoingia sekondari, naye akawa anatafuta harufu ya sigara kwenye kola za mashati. Sigara hakuipata hata siku moja. Lakini pua iliyozoea kupeleleza haistaafu, na sasa Joshua alipokuwa na mwaka wa nne hajakanyaga nyumbani, kazi yote ya pua ile ilihamia kwa Eliana, binti wa miaka kumi na sita.

Siku hiyo ya mwezi wa sita alikuwa amesimama nyuma ya banda la kuku, koti jeusi la Eliana amelibana usoni. Lilinuka vumbi na sabuni ya kipande, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, nzito kidogo, ya dizeli na viti vya basi. Harufu ya safari. Dorika alilishusha akalitazama. Eliana hakuwa amesafiri kwenda popote tangu mwaka jana walipokwenda Nduguti kutafuta cheti chake cha kuzaliwa. Koti hili lilikuwa limetoka mbali, na mtu alikuwa amelileta.

Lilikuwa refu, likishuka hadi kwenye ugoko, na vifungo vyake vilikuwa vya chuma. Kwenye kola Eliana alikuwa amechomeka pini, moja baada ya nyingine, zikajipanga kama meno ya msumeno. Siku za shule alivaa sare yake kama wenzake, sketi chini ya magoti, kichwa kimenyolewa, na mwalimu hakuwa na la kusema. Ila ikifika Jumamosi alitoka chumbani mtu mwingine. Koti jeusi, mabuti meusi ya kufunga kamba, kiunoni mnyororo wa baiskeli uliosafishwa kwa mafuta ya taa ukang'aa, kucha nyeusi. Wanja aliupaka machoni, kisha akaendelea nao hadi midomoni. Akapita hivyo katikati ya Kinyangiri, jua linawaka, upepo unampeperushia mapindo ya koti, kuku wanampisha njia.

"Eliana!" walimwita vijana wa kwenye mashine ya kukamulia alizeti. "Umefiwa na nani?"

"Na ninyi," alijibu bila kusimama. "Hamjaambiwa tu."

Wakacheka hadi mmoja akamwaga mashudu. Lakini akina mama waliokaa foleni na magunia yao hawakucheka. Walimtazama mpaka alipoishia, halafu wakamgeukia Dorika, ambaye naye alikuwa kwenye foleni hiyo, wakamjulia hali kwa sauti ya chini, kama anayeuguza.

Mumewe, Simeoni, alikuwa mzee wa kanisa, na si mzee wa jina tu. Mwaka mmoja ndugu wawili walileta mbuzi wa sadaka huku wakiwa bado wanabishana nyumbani ni wa nani, na Simeoni alimfungua mbuzi yule kamba mbele ya watu wote, akamrudisha. "Sadaka yenye mgogoro hainadiwi," alisema. Mwinjilisti alimsihi, maana paa la kanisa lilikuwa linangoja mabati, Simeoni akakataa. Watu walimheshimu kwa hilo. Walimwogopa pia kidogo. Dorika alikuwa ameolewa na heshima hiyo na woga huo pamoja, na kwa miaka ishirini na tatu hakuwahi kujua lipi linaishia wapi.

Joshua aliondoka kwa sababu ya nywele. Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani akisubiri matokeo, akaziacha nywele zikue, akazisokota. Simeoni alimwambia mara ya kwanza, akamwambia ya pili. Ya tatu hakusema. Alimwita mzee mwenzake, Gasto, wakamkalisha kijana kwenye kigoda uani, Gasto akamshika mabega, Simeoni akamkata kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Dorika ndiye aliyeleta beseni la maji na sabuni. Hakuna aliyemwambia alete. Joshua hakupigana wala hakulia. Alimtazama mama yake tu, muda wote, macho yametulia. Kesho yake alipanda basi kwenda kwenye machimbo ya Mererani, na tangu hapo simu yake haikupatikana.

Ndiyo maana kwa Eliana Dorika hakupiga kelele. Alimwomba Simeoni ampe muda. "Huyu niachie mimi," alisema. "Wa kike huyu." Naye Simeoni, ambaye jina la Joshua lilikuwa halijatoka mdomoni mwake tangu siku ile, aliinamisha kichwa akamwachia. Basi Dorika akaanza kuchunguza. Alidhani kuchunguza ni upole, kwa kuwa hakukuwa na mkasi.

Alichunguza kila kitu. Simu ya nyumbani ilikuwa moja, yake mwenyewe, aliyoipata kwa ajili ya kundi la Umoja wa Wanawake. Humo siku moja, akitafuta tangazo la kikao, alikuta picha za watu waliojipaka unga usoni, macho meusi kama yametobolewa, wamevaa misalaba mikubwa shingoni na wala hawakufanana na watu wa ibada. Aliwaonyesha wenzake baada ya kikao. Febronia, mwenyekiti wao, alivaa miwani, akaangalia, akavua miwani.

"Mama Joshua, hawa ni Frimasoni."

"Una hakika?"

"Hakika ya nini tena? Tazama hiyo misalaba. Wanaivaa kuidhihaki. Huanza na nguo, baadaye mtoto anaanza kupokea vitu. Hujui vinatoka wapi. Unaona tu anavyo."

Neno hilo, kupokea vitu, lilimwingia Dorika kama mwiba wa mgunga, wa kuingia kirahisi na kuvunjikia ndani. Kwa kuwa alijua kitu ambacho hakumwambia hata Febronia. Wiki moja nyuma, Raymond wa bodaboda, kijana asiyeweza kushika siri wala breki, alimpita njiani akapunguza mwendo.

"Shikamoo mama! Mwambie Eliana mzigo wake wa Iguguno nimeuacha pale dukani, kama ule wa kwanza."

"Marahaba. Mzigo gani?"

Raymond alimtazama, akagundua kwamba mama hajui. "Aa, labda nimechanganya. Kuna Eliana mwingine." Akaondoka na vumbi lake. Kinyangiri hapakuwa na Eliana mwingine.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu. Mtu aliyeweka mzigo kwenye basi huko aliko, ukashushwa njia panda Iguguno, ukaletwa kwa pikipiki hadi dukani, mtaani kwa mzee wa kanisa. Mtu aliyejua saizi ya miguu ya binti yake. Usiku Dorika alilala akiipitisha akilini: dereva wa lori la alizeti? Mwalimu? Mganga? Au ndio hao wa kwenye picha? Vocha ya simu yake ilikuwa ikiisha bila yeye kuongea na mtu, na alipofungua orodha ya waliopigiwa aliikuta nyeupe, imefutwa, kama sahani iliyorambwa. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Siku moja walikuwa uani wawili, wanapiga alizeti. Vichwa vilivyokauka vimetandazwa kwenye turubai, kila mmoja na fimbo yake, mbegu zinaruka. Kazi hiyo ina kelele zake, na Dorika alichagua hapo makusudi, maana maneno mengine ni rahisi kuyasema mkono ukiwa unapiga kitu.

"Mwanangu, hayo mabuti umeyatoa wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Rafiki."

"Rafiki wa kike au wa kiume?"

Eliana alipiga vichwa viwili vitatu kabla ya kujibu. "Mama, wewe ukinitazama hivi unaona nini?"

"Naona mtoto wangu amevaa kama jeneza."

Binti alicheka kweli, kicheko chake cha utotoni, hata Dorika akataka kucheka naye. "Mimi naona ni nzuri," Eliana alisema. "Basi. Napenda jinsi nguo nyeusi inavyokaa. Nikiivaa najisikia nimesimama. Hakuna kingine, mama. Sali, kemea, tafuta, hutakuta kingine."

"Kama hakuna kingine, huyo rafiki jina lake nani?"

Fimbo ya Eliana ilisimama hewani, halafu ikashuka polepole. Hakujibu. Na Dorika, aliyekuwa amelikaribia jambo lenyewe kiasi cha kuligusa, aliuona ukimya ule akautafsiri kama alivyokuwa amezoea kutafsiri kila kitu.

Baada ya hapo Gasto alikuja. Alikuja jioni, akakaa kwenye kiti alichozoea, akaomba maji, akayanywa. Alikuwa mtu wa maneno matamu na habari chungu.

"Mzee mwenzangu, na wewe Mama Joshua. Darasa la kipaimara linakaribia kumaliza. Baraza linaulizana, huyu binti atapiga magoti madhabahuni na kucha zile? Mimi ninawatetea. Lakini nitatetea hadi lini? Baada ya sikukuu ya mavuno jina lake litajadiliwa."

Simeoni alitazama chini. "Lijadiliwe," alisema.

Eliana alisikia, maana ukuta wa chumba chake ulikuwa na ufa. Gasto alipokwisha kuondoka alitoka, akasimama mlangoni, miguu peku, bila wanja, mtoto kabisa.

"Mkinitoa kipaimara kwa ajili ya nguo, sawa. Lakini mkigusa vitu vyangu, mkavikata au mkavichoma, mimi naondoka. Yupo mtu atakayenipokea."

"Mtu gani?" Simeoni aliuliza, na ilikuwa mara ya kwanza kuinua kichwa.

"Yupo."

Akaingia ndani. Dorika alibaki anasikia neno lile, yupo, likizunguka uani kama nzi. Atampoteza na huyu. Alilijua hilo kwa tumbo, mahali alipolijulia la Joshua. Na hofu ilipomjaa, akili yake ilifanya kile ambacho akili ya mke wa mzee wa kanisa hufanya. Ilikwenda moja kwa moja madhabahuni.

Kila sikukuu ya mavuno, pamoja na madebe ya alizeti na mtama, kuku, mlenda mkavu na maboga, akina mama huleta nguo zilizotumika. Zinafungwa mafurushi, mafurushi yananadiwa baada ya ibada, na wachuuzi wanaokuja na kigari toka Iguguno huyanunua yakiwa yamefungwa vilevile, wakaenda kuyafungulia mbali. Dorika aliyawaza hayo akaona ni njia safi. Koti halitachomwa. Halitakatwa. Litatolewa kwa Mungu, na kilichotolewa kwa Mungu hakidaiwi. Kama lina roho ndani yake, madhabahu yatajuana nayo. Kama halina, litamfaa maskini wa mahali pengine. Na huyo aliyelileta, yeyote awaye, ataona kwamba kitu chake kimeshindwa kukaa katika nyumba ile. Eliana ataambiwa lilifuliwa, likaibwa kwenye kamba. Watu huibiwa nguo kila siku.

Jumamosi Eliana alipokwenda kisimani, Dorika aliinama uvunguni mwa kitanda, akalichomoa. Alichomoa pini moja moja kutoka kwenye kola, akazitia kwenye kopo la vifungo, maana hakutaka mtu achomwe. Akalikunja, akaliviringisha ndani ya shuka kuukuu na magauni yake mawili ya zamani, akafunga fundo. Alikuwa akinyata. Nyumbani kwake mwenyewe, mchana, hakuna mtu, na alikuwa akinyata.

Jumapili kanisa lilijaa hadi kwenye vibaraza. Baada ya ibada watu walitoka nje, wakafanya duara kubwa, sadaka zimepangwa katikati. Mnada huwa ndiyo sehemu watu wanayoipenda. Yai moja hununuliwa, likarudishwa, likanunuliwa tena, likaishia kuwa zawadi ya mjane. Mwaka huo anayenadi siku zote alikuwa hoi kwa mafua, sauti hana, akamsukuma Simeoni mbele. Simeoni hakuwa na mizaha, lakini watu walimchangamkia, hasa aliponadi jogoo wake mwenyewe.

"Huyu jogoo anawika?" mtu aliuliza.

"Anawika kuliko wewe unavyoimba," Simeoni alisema, na duara zima likaangua kicheko, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba anaweza.

Dorika alicheka pamoja nao. Kisha akaona mafurushi yanaletwa.

Mchuuzi wa kwanza alikwisha kutaja bei yake. Simeoni aliliinua furushi, akaligeuza, na Dorika akauona uso wa mumewe ukibadilika kidogo, ukawa ule uso wa siku ya mbuzi.

"Hapana," alisema. "Hapa ni kanisani. Hatuuzi mbuzi kwenye gunia. Mnunuzi aone anachonunua."

Akaanza kufungua. Furushi la kwanza lilikuwa na mashati ya watoto. La pili mapazia. Fundo la tatu lilikuwa lake, alilijua kwa jinsi lilivyokaza. Simeoni alilifungua kwa meno, akavuta magauni, akavuta shuka, na koti likadondoka. Aliliokota kwa kulishika mabega, akalinyanyua juu ili watu walione, kabla hajaliona yeye mwenyewe.

Upepo uliingia ndani ya koti ukalijaza, likasimama pale juu kama mtu.

Eliana alikuwa na wenzake wa kipaimara, upande wa wavulana na wasichana wanaokusanya vikapu, amevaa gauni la bluu la mikono mirefu. Hakumtazama baba yake. Alizungusha macho polepole kwenye duara hadi alipompata mama yake, akayatuliza hapo. Dorika aliyafahamu macho hayo. Aliwahi kuyaona juu ya beseni la maji.

"Mzee mwenzangu," Gasto alisema, akisogea, "hilo si la kunadi. Hilo ni la kuchoma."

Lakini Simeoni alikuwa amekwisha kuelewa kwa namna yake, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha ambayo Dorika hakuwahi kuiona tangu watoto walipokuwa wadogo.

"Ndugu zangu," alisema. "Mnalijua koti hili. Mmelisema, nami nimesikia. Leo mwanangu amelitoa. Hakuna aliyemlazimisha. Amelileta mwenyewe kwa Bwana, kwa siri, kama impasavyo mtoaji. Mimi baba yake nilikuwa sijui."

"Amina!" Febronia alipaza sauti. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwinjilisti aliinua mikono. Hata Gasto alitikisa kichwa akisema, naam, naam, sasa baraza litajadili nini tena.

Dorika alisimama katikati ya vigelegele vile na kuona wazi kwamba yote yamekwisha vizuri. Angenyamaza tu. Eliana angepata kipaimara. Simeoni angetembea kifua mbele. Mtoto hakufumbua mdomo kukanusha, alikuwa amesimama anamsubiri mama yake, na subira ile ilikuwa fupi. Dorika alijua kwamba ikiisha, kesho kutakuwa na basi.

"Si yeye," alisema.

Hawakusikia. Alivunja duara, akaingia katikati, akasimama kati ya madebe.

"Si yeye! Eliana hajatoa kitu. Ni mimi. Nimelichukua uvunguni mwa kitanda chake akiwa kisimani. Nimeliiba."

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Gasto alikuja na tabasamu lake, akamshika mkono. "Mama Joshua, usijiumize. Mzazi haibi kwa mwanawe. Vya mtoto ni vyako."

"Kama si wizi, mzee, mbona nilinyata?"

Mtu alicheka kwa nyuma, akanyamazishwa. Simeoni alikuwa bado ameliinua koti. Mikono ilianza kushuka taratibu, furaha ikimtoka usoni, na Dorika aliona jinsi mumewe alivyozeeka. Alifikiri atalitupa chini. Alifikiri ataagiza moto yeye mwenyewe. Simeoni alimtazama mkewe, akamtazama binti, akatazama mahali pale ambapo mwaka ule alimfungua mbuzi.

"Sadaka yenye mgogoro hainadiwi," alisema. Akalikunja koti, mkono juu ya mkono, kama anavyokunja joho la mwinjilisti. "Mwenyewe aje achukue."

"Simeoni!" Gasto alisema. "Baraza litakaa juu ya hili."

"Likae. Mimi sitakaa. Nina mtoto ndani ya jambo hili."

Eliana alikuja. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama mtoto anavyopokea kitu kwa baba yake. Halafu alilivaa palepale, juu ya gauni la bluu, akatoka kwenye duara. Watu walimpisha.

Dorika alimfuata nyuma kwa mbali, na nyuma yake Simeoni akisukuma baiskeli. Walipita kati ya mashamba yaliyovunwa na miamba mikubwa. Dorika alikuwa akihesabu alichokuwa amekitupa: kipaimara, labda uzee wa kanisa wa mumewe, na midomo ya akina mama hadi mavuno mengine. Na bado hakuwa na hakika kama amebakiza kitu.

Alipofika nyumbani alimkuta Eliana chumbani, begi la shule liko kitandani wazi, mabuti yamo, sare imo. Dorika hakuingia. Alikaa kizingitini.

"Pini zako ziko kwenye kopo la vifungo," alisema. "Zote. Sikuzitupa."

Eliana aliendelea kukunja.

"Unakwenda kwa huyo mtu?"

"Ndiyo."

"Sitakuzuia. Nataka tu kumjua. Nimekunusa nguo, nimekupekua simu, nimekusema kwa Febronia. Sijawahi kukuuliza nikiwa tayari kusikia. Sasa nakuuliza."

Binti alisimama. Uani baiskeli ya Simeoni iliegemezwa ukutani, lakini hatua zake hazikuendelea. Alikuwa hapo nje, karibu na ule ufa. Wote wawili walijua yuko hapo.

"Alinikataza nisiwaambie," Eliana alisema. "Alisema mkijua mtamfuata na mkasi."

Dorika alishika fremu ya mlango.

Eliana alinyoosha mkono, akapewa simu, akabonyeza namba kwa kichwa bila kuitafuta popote. Akaweka sauti ya nje. Iliita mara nyingi, halafu zikaja kelele za mashine, na sauti ya mwanamume, nzito kuliko Dorika alivyoikumbuka, ikasema kwa haraka:

"Mweusi! Vipi, wamelichoma?"

"Hawajalichoma," Eliana alisema. "Nimelivaa. Kaka, mama yupo hapa."

Mashine ziliendelea kunguruma. Dorika alisogeza sikio karibu na simu.

"Shikamoo mama," sauti ilisema.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, baba. Marahaba." Akaendelea kulirudia, kwa kuwa ndilo lililokuwepo.

Walizungumza kidogo, mambo ya kawaida: kama anakula, kama kikohozi cha utotoni kimeisha, kama mvua zilikuwa nzuri. Eliana alikaa kitandani kando ya begi, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, akaanza kupaka kidole gumba palipobanduka. Mabuti bado yalikuwa ndani ya begi. Dorika aliyaona, na moyo wake haukutulia. Hakujua kama koti lile lilikuwa nguo tu. Hakujua kama kijana yule aliye kwenye simu alimsamehe au alimhurumia. Aliyaacha yasijulikane.

Ndipo sauti ya Simeoni ikaja kutoka nje, kupitia kwenye ufa, kavu na ya kushuku kama siku zote.

"Muulize nywele."

Dorika aliogopa. Lakini Joshua alikuwa amesikia.

"Mwambie zimefika mgongoni," alisema.

Kuku walichakura karibu na turubai la alizeti. Upepo wa mwezi wa sita ulivuma, ukaugonga mlango, ukaliinua pindo la koti jeusi pale Eliana alipokaa.

"Mwambie," Simeoni alisema hatimaye, "huku kuna upepo mwingi. Akija azifunge kitambaa."